Rasimu ya Tatu

Juma la pili la mafunzo, Jumatano, saa nane mchana,
umeme wa Lubumbashi umekwenda kule unakwendaga,
na Madamu Tshisola Kapend, konsula kwa miaka kumi na tisa
katika miji asiyotaka kuitaja,
anafungua madirisha ili joto lipate pa kutokea.
"Leo," anasema, "mtaandika noti."

Karatasi inasema: dereva wa lori, miaka arobaini na mmoja,
amefia ng'ambo ya Kasumbalesa, foleni ya siku nne,
ndani ya kichwa cha lori, mguu ungali kwenye breki.
Mwili uko Chingola. Wenyewe wako Katuba.
Omba mwili urudi. Ukurasa mmoja. Dakika thelathini.

Mimi nikaanza na mtu.
Nikaandika: Kaumba Mwelwa amefariki, na mke wake anangoja.
Kalamu nyekundu ikapita kama panga shambani.
"Noti haianzi na maiti, kijana. Huanza na salamu.
Konsulati inatoa heshima zake kwa Wizara.
Useme hivyo hata kama nyumba inaungua.
Mlango ukifunguka, ndipo uingize jeneza."

Rasimu ya pili nikatanguliza salamu.
Nikaandika tunadai. Akafuta.
Nikaandika tunaomba. Akatikisa kichwa:
"Anayeomba hupewa kilichobaki."
Akaandika mwenyewe, herufi ndogo zilizosimama wima:
tungeshukuru iwapo mamlaka husika
Nyuma yangu Ngoie Kabulo akanong'ona,
"Bukari inapoa, sisi tungali tunashukuru,"
na hata Madamu alicheka, mara moja, kwa pua.

Alitufundisha mengine siku hizo:
kula kwa uma mbele ya waziri bila kuutazama uma;
kwamba kunyamaza kuna kipimo, kama chumvi ya sombe;
kwamba "tutaliangalia" ni hapana iliyovaa suti.
Yote nimeyaandika. Yamenifaa, sikatai.

Lakini ile karatasi.
Niliigeuza kutafuta mahali peupe pa kuandikia
na nyuma yake, kwa wino uliofifia, palikuwa na namba ya jalada,
nusu ya muhuri, na tarehe ya miaka ishirini na miwili nyuma.
Nikainua macho. Alikuwa ameniona.
"Jina nimebadilisha," akasema.
"Breki sikubadilisha."

Hakuna aliyeuliza kama mwili ulifika.
Dirishani, juu ya mapaa, kilima cheusi cha mabaki ya shaba
kilikaa palepale kinapokaa,
kila ambacho tanuri lilikikataa.
Akasema akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika:
"Niliandika tunadai.
Nilikuwa na miaka ishirini na tisa,
haki yote ilikuwa yangu, na hasira juu yake.
Noti ikarudishwa baada ya wiki tatu, mistari miwili tu:
haikupokelewa, kwa sababu ya lugha yake.
Wiki tatu. Mwezi wa kumi.
Mnalijua joto la mwezi wa kumi."

Umeme ukarudi. Feni ikaanza kuzunguka,
ikapeperusha rasimu zetu sakafuni, tukainama kuziokota.
"Ya tatu," akasema.

Nikaandika:
Konsulati inatoa heshima zake kwa Wizara
na ina heshima kuiarifu kwamba
Safari hii kila neno la adabu nililiweka taratibu,
kama watu wanaoshusha kitu kizito ngazini:
wewe shika huko, mimi nashika huku,
polepole, geuza, angalia kona,
msimwangushe.

Alisoma akiwa amesimama.
Akaongeza koma moja.
Akaikunja, akaitia ndani ya mkoba wake,
si kwenye rundo pamoja na za wenzangu,
kisha akauliza nani ana ufunguo wa ukumbi.