Muhtasari wa Kikao

Chumvi aliichukua. Nianze hapo,
nisije nikajificha nyuma ya huruma.
Kilo kumi, ndani ya koti la mvua,
Uvinza, kiangazi, jua la saa tisa.
Mlinzi alicheka kwanza, ndipo akamkamata.

Kesho yake jina lilikuwa getini,
limebandikwa kwa gundi ya uji:
Zebedayo Ruhuzi, kazi basi.
Miaka kumi na minne akichochea moto
chini ya makarai ya maji ya chumvi,
nyayo zimechanika,
na hakuna aliyemwambia: keti, hebu sema.

Jumatatu ofisa utumishi aliniita.
Mimi katibu wa tawi, mimi mtetezi.
Karatasi ilikwisha kuchapwa:
"Mtuhumiwa alisomewa tuhuma.
Alijitetea. Hakuridhisha."
Weka sahihi hapo, kwa mwakilishi.
Shifti ya usiku ilikuwa inanila kifua.
Niliweka.
Wiki hiyohiyo nikahamia mchana.

Siku ya ishirini na tisa, moja kabla ya mlango kufungwa,
Zebedayo alishuka Kigoma na fomu yake mfukoni.
Usuluhishi ukagonga mwamba. Tukafika kwa mwamuzi,
mama mfupi, miwani imefungwa uzi;
dirishani ziwa linameta, yeye halitazami.
Aliigeuza karatasi, akaigeuza tena.
"Kikao kilikaa lini?"
"Tarehe kumi na mbili," akajibu wakili wa kampuni.
"Na barua ya kumfukuza?"
Wakili akapekua. Akapekua.
"Tarehe tisa."

Feni ilikuwa na mlio, sikuwa nimeusikia.
"Katibu, sahihi hii ni yako?"
Ni yangu.
"Na kikao?"
Zebedayo alikuwa anatazama viatu vyangu,
si uso, viatu.
Hakikuwapo, mheshimiwa.

Tulirudi behewa moja, uamuzi bado.
Kazuramimba akanunua mayai dirishani,
mawili, na chumvi ndani ya kipande cha gazeti.
Akanipa moja. Nilitafuta neno la kuanzia
mpaka treni ikaondoka.

Alimenya polepole.
"Wangeniuliza ningewaambia."
Ungewaambia nini?
"Kwamba nilichukua."
Akachovya yai, akalitazama.
"Na kwamba mshahara wa miezi miwili
ulikuwa haujaingia. Wewe wako uliingia?"