Ndoo ya Mchanga

Kabla hawajafungua geti ninahesabu hatua:
kumi na nane toka mdomo wa joka hadi benchi la kwanza.
Leo ni kumi na tano.
Kuna mtu kasogeza mabenchi usiku,
na mtu huyo ndiye anayelipa mshahara wangu.

Nayarudisha, moja moja, nikiyaburuta kwenye vumbi jekundu.

Joka letu ni la mabati na vitambaa,
tumbo la pipa, shingo ya bomba la moshi wa lori.
Ndani yake hukaa Numbi, kijana wa Katuba,
shati la pamba tupu, maana nailoni nimemkataza:
nailoni huyeyuka ikalala na ngozi,
na ukiivua, huja nayo.
Ananiita Mama Kizimamoto. Ananicheka.
Kila Jumamosi namlowanishia blanketi
kama anayemwandalia mwanawe maji ya kuoga.

Baba yangu alimwaga mavi ya shaba.
Usitabasamu, ndilo jina lake:
kinachobaki jiwe likishatoa kilicho chake.
Usiku behewa liliinama juu ya kilima cheusi
na anga lote la Lubumbashi likawa rangi ya papai.
Sisi watoto tulipanda ukutani, kule Kamalondo,
tukashangilia bila tiketi.
Yeye alirudi alfajiri, nyusi hana,
akala bukari kimya. Siku moja tu alisema:
moto si mkali, moto una njaa,
ulize kwanza utakula nini.
Siku hiyo mwenzake Kisimba alikuwa amedondosha
chupa yake ya kunywa kwenye shaba iliyoyeyuka.
Maji yakawa radi.

Kwa hiyo ndoo yangu ni ya mchanga, mchanga mkavu.
Mkaguzi alipokuja, patroni aliweka mapipa mawili ya maji,
rangi mpya, yanapendeza kwenye picha.
Nikamwambia: cheche zile nyeupe ni unga wa madini,
ukizimwagia maji zitakushukuru.
Akacheka: "Mama, dawa ya moto ni moto."
Sijui aliyeitunga methali hiyo aliunguza nini.

Jumamosi hii upepo umegeuka.
Mwezi wa tisa, nyasi za Kasapa kavu kama karatasi ya risiti.
Utepe niliofunga juu ya mlingoti
umeelekeza mkia wake kwenye mabenchi.
Joka limeshapumua mara mbili. Imebaki pumzi ya mwisho,
ile kubwa, ile ya kwenye bango.
Numbi ndani ya pipa anasubiri nishushe mkono.

Mkono sikuushusha.

Moja. Mbili. Ngoma zimeishiwa maneno.
Nane. Mtu anapiga mluzi.
Watu mia nne wanataka joka life
na mimi nimesimama kama nguzo siku umeme umekatika.
"Rudisheni pesa!" Kofia ya karatasi inanigonga begani.
Patroni anakuja mbio, tai imepanda sikioni,
anasema kwa sauti ya chini, mbaya kuliko makelele:
Washa.
Nikang'oa waya, nikautia mfukoni
pamoja na funguo za nyumba na nusu ya pipi.

Basi. Hakuna aliyeungua.
Ndiyo habari yote, haitoshi hata kwa redio.
Watu wamekwenda wakilalamika hadi kituo cha teksi.
Numbi katoka kwenye pipa, jasho tupu, hakunicheka,
hakunishukuru pia, katafuta viatu vyake.
Jumatatu nitajua kama bado nina kazi.

Natembea na tochi, nagusa kila bomba kwa mgongo wa kiganja,
kama baba alivyogusa paji langu nikiwa na homa.
Kwenye ndoo, mtoto wa muuza karanga
amejenga nyumba: kuta nne za kidole, mlango,
na katikati, amesimama kama mtu,
njiti ya kiberiti ambayo haijawashwa.

Njiti nimeichukua.
Nyumba nimeiacha.