Kuni za Bi Orvokki

Januari, Oulu. Saa tatu asubuhi bado ni usiku.
Theluji imekaba madirisha ya ofisi,
na Sisko Kallunki amebandika ukutani barua
iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi:

*Nilibonyeza Ghairi. Skrini ikasema: Imeghairiwa.*
*Ijumaa likaja lori, likamwaga uani*
*kuni za mita kumi na mbili.*
*Aliyekuwa akipasua ni mume wangu.*
*Mimi nahamia kwa binti yangu mwezi ujao.*
*Nani atazichoma?*

Hakuna aliyecheka.

Amri ile niliiandika mimi.
Naijua kama mtu ajuavyo ngazi za kwao gizani:
inaondoka, haingojwi,
inakwenda kubisha hodi ghalani,
inarudi na jibu kwa wakati wake, na wewe huku
unaendelea na kahawa yako.
Hata jaribio lake nilikuwa nalo. Lilikuwa kijani.
Kijani miezi kumi na minne,
kijani cha zulia la plastiki.

Nikalifungua, nikalisoma kwa aibu:
anza amri, ghairi amri, hakikisha imekoma.
Na kweli ilikuwa imekoma.
Ilikuwa imemaliza.
Ghala langu la bandia lilijibu kabla sijapepesa jicho;
nilikuwa nikimwambia "usiende" mtu
aliyekwisha kwenda, akarudi, akavua viatu.
Miezi kumi na minne nilipima
utii wa maiti.

"Tuweke usingizi," nikasema, "nusu sekunde, halafu tughairi."
Sisko akatikisa kichwa.
Ngoja ngoja huumiza matumbo,
na nusu sekunde ya mashine yangu
si nusu sekunde ya ile seva iliyochoka
saa nane za usiku.
Jaribio lisikisie. Lisimame mlangoni
mpaka lisikie kitasa.

Basi tukajenga ghala lisilojibu,
ghala lenye ahadi mkononi, na mkono umefumbwa:
halisemi ndiyo, halisemi siyo,
hugonga kengele moja tu: *ameingia*.
Hapo ndipo tunaghairi. Si kabla, si baada.
Kisha tunauliza kama makarani wa forodha:
Ulisikia? Uliacha?
Uliondoka ukisema umeghairiwa, au ulijifanya umeanguka?
Kitufe kimerudi kubonyezeka?
Na lori, lori liliitwa mara ngapi?

Mara moja.

Nyekundu. Skrini nzima.
Sijapata kuifurahia nyekundu namna ile.
Ishara ilikuwa imeshuka hadi safu ya pili, ikaishia hapo,
kwa msimbo wangu ulioipokea kwa adabu
na kuitia mfukoni, kama barua ya jirani
unayoahidi kuifikisha.
Mstari mmoja. Neno moja nililosahau kulipokeza mbele.

Nikalipokeza. Mara sifuri. Kijani,
na safari hii nikaliondoa tena makusudi
nione rangi ikigeuka, ndipo nikaamini.

"Na kama lori limeshatoka?" akauliza Sisko,
akiwa tayari amevaa koti.

Akalivua.
Tukakaa hadi jioni juu ya swali hilo moja,
kwani kuna mahali ambapo Ghairi haina tena mkono,
na pale kitufe kisiseme uongo.
Kiseme: *Umechelewa. Tupigie simu.*
Tukaliandikia hilo nalo jaribio lake,
refu, lenye sura mbaya. Silioni haya.

Jumamosi tuliendesha hadi Kemi na trela la kuazima.
Tulipakia mpaka giza, yaani mpaka saa tisa alasiri,
magogo meupe yakigongana kama vikombe.
Bi Orvokki alisema tumwachie tita moja,
la sauna ya mwisho.
Tulipokwisha kukaza turubai, vidole vimekufa ganzi,
akatoka na viatu vya ndani, akakanyaga theluji:
ameghairi.
Tuteremshe la pili.