Alhamisi

Tulikwenda kwa Tumpe na pole.
Pole hukaa mlangoni, haimnyanyui mtoto.

Gwakisa ana miaka tisa, kilo ishirini na mbili.
Mama humbeba mgongoni hadi kliniki Tukuyu,
kwenye matope ya Machi yanayomeza ndala.
Kule walisema: mnyooshe mguu, hesabu hadi thelathini,
mara tatu kwa siku.
Hawakusema nani atachuma chai.

Alhamisi moja akaja Subilaga wa ng'ambo ya mto,
bila pole, bila sukari.
"Nifundishe kumlisha," akasema.
"Shingo inashikwaje?"
Kijiko cha kwanza kikaishia kifuani.
Cha nne, Gwakisa akacheka,
kile kicheko chake cha kuchelewa,
kama radi ya Rungwe, umeme umeshapita zamani.

Tumpe akachukua tenga. Shambani hakufika.
Alikaa chini ya mgomba wa mwisho
akalala, mdomo wazi,
manyunyu yakimlowesha, asijue.

Siku hizi Jumanne ni ya Ambakisye seremala.
Anapima kwa kamba, goti hadi kisigino,
anakosea, anarudia, analaani bei ya mbao.
Kiti kina mguu mmoja mfupi, tumekiwekea tofali.
Lakini kutoka hapo Gwakisa anaiona barabara,
nayo barabara inamwona uso,
si kisogo cha mama yake.

Mimi ni wifi yake Tumpe.
Nimepeleka pole kuliko wote.
Nimeomba Jumamosi.
Uji bado naumwaga.