Inakohoa Tu

Kwanza waya hasi. Ndipo chanya.
Aliyenifundisha alipindua mpangilio huo siku moja Nachingwea,
na kidole chake cha pete hakijavaa pete tena.

Kisha mafuta. Nafunga koki, nachomoa paipu,
naiziba mdomo kwa kipande cha gunzi.
Nimelala chali chini ya nyumba ya watu:
Fuso iliyopandishwa kuta, madirisha, hata pazia la maua.
Juu yangu Binti Chitanda anapepeta mchele
(jiko nimelikataza, petroli haina utani),
nasikia nyayo zake zikienda na kurudi
kwenye sakafu yake, kwenye dari yangu.

Bolti nne. Tatu zinakubali.
Ya nne imeng'ang'ania kama deni la pembejeo.
Naipa dizeli inywe, naiacha ifikiri,
nami nachungulia ukungu ukipanda kutoka Shimo la Mungu,
ukiingia Newala nyumba kwa nyumba bila hodi.

"Imetoka, Somoe?"
"Haijatoka."
"Ilikuwa inakohoa tu. Inakohoa, halafu taa zinakonyeza."
Kila ugonjwa unaoletwa kwangu
huja na neno hilo: tu.

Jeki. Ubao. Pumzi.
Inashuka, kilo sitini, polepole,
kama mtoto aliyelala anavyotolewa mgongoni.

Mezani naifungua. Filta ya hewa ni ya njano.
Si vumbi letu, letu ni jekundu. Hii ni salfa.
Julai nzima walilala kwenye mikorosho ya Kitangari
mabomba yakipuliza,
na mashine ikameza dawa ya ubwiriunga
usiku kucha, ili feni izunguke.

Nyuma ya kifuniko, kiota.
Panya amejitandikia stakabadhi za ghala,
amezitafuna zikawa laini kama pamba:
*kilo 84*, *daraja la pili*, nusu ya sahihi,
*malipo ya awa*
Navitoa kwa koleo, kimoja kimoja.
Mzee Mtalika anavipanga juu ya bati
kimya, kama mtu anayetafuta jino lake mchangani.
"Hii ndiyo niliyowaambia ninayo," anasema.
"Wakaniambia sikupeleka mzigo."
Kipande chenye namba hakipo.
Panya naye ana daraja lake la kwanza.

"Oili ilikuwa nyeusi," namwambia.
Ningesema nini kingine?
Namwaga, namimina mpya. Plagi naipiga msasa.
Kabureta naipuliza kwa mdomo wangu
na mpaka usiku chai itanukia petroli.

Kamba, mara ya kwanza: kimya.
Ya pili, chafya.
Ya tatu inaitika, inanguruma sawasawa,
meza yote inatetemeka
na vipande vya karatasi vinaanza kutembea juu ya bati.
Mtalika anavifunika kwa viganja viwili.

"Zima," anasema. "Zima kwanza.
Gundi unayo?"

"Ninayo ya gasketi."

"Hiyo hiyo."