Vidole Vinne

Kikwembe cha harusi hakinizunguki tena.
Nakivuta, linabaki pengo la vidole vinne
kati ya ua la njano na ua jingine.

Wifi yangu Nabintu kaniletea chupa:
siki, ndimu, na majani asiyoyataja jina.
"Siku tisa bila fufu, utarudi ulivyokuwa."
Siku ya tatu nikaona nyota mchana nikipanda Kadutu,
na Bahizire akavuta, akaachia, akalia,
akavuta tena, kama anayekamua kitambaa kikavu.

Muuguzi wa Nyawera hakunigombeza.
Alimweka mtoto kwenye mzani, akanyamaza kidogo,
kisha akauliza: jana ulikula nini?
Nikatazama viatu vyangu.

Sasa nakula. Maharagwe, lengalenga,
sambaza na vichwa vyao, macho yakinikodolea.
Fufu ngumi moja, si mlima Kahuzi.
Maji, kikombe kizima, kila ninaponyonyesha.
Jioni nateremka hadi ziwani, mtoto mgongoni.
Kupanda ndiko kazi: napumzika kwa mama muuza makala,
napumzika tena kwa fundi wa viatu,
wala sioni haya.

Miezi tisa kilijengwa kiuno hiki.
Nani kasema kibomolewe kwa siku tisa?

Chupa ya Nabintu nimeimwagia migomba.
Migomba haijakonda.

Leo nimejipima: vidole vitatu na nusu.
Bahizire naye ana mikunjo miwili pajani.
Hiyo ndiyo niliyoihesabu kwanza.