Mkwaruzo wa Dakika ya Nne

Haina jina. Katikati ya santuri,
pale pa jina, pana muhuri wa buluu uliochujuka
na namba ya simu ya Chicago isiyopokewa na mtu.
Gaynor Entwistle aliinunua Blackburn, mwaka themanini na tisa,
kwa pesa ya nauli na ya chakula cha mchana,
akarudi kwa miguu, mvua ikinyesha,
santuri ndani ya koti, yeye nje ya koti.

Ngoma ivumayo haidumu, walisema.
Sawa. Hii haikuvuma, ilishikwa na kwikwi:
besi inajikunja, inabanwa, inaachiwa,
kama birika linalotaka kutoa siri
na kila likikaribia kuitoa, linaepuliwa.

Inasemekana aliyeirekodi alikuwa na kisanduku cha rangi ya fedha
kilichoundwa kumsindikiza mpiga gitaa mpweke,
kikashindwa kazi hiyo, kikauzwa kwa bei ya viatu kuukuu.
Kitabu cha maelekezo hakikuwemo.
Akazungusha vitufe visivyopaswa kuguswa
huku kanda inarekodi,
na alipogundua kosa, hakulifuta.

Usiku ule, katika kiwanda cha pamba kilichofungwa,
watu elfu moja walilicheza kosa hilo
mpaka jasho lao likapanda, likagonga dari,
likawarudia mabegani.
Polisi walisimama nje na mbwa wao,
na mbwa mmoja, Gaynor anaapa,
alitikisa kichwa bila kukosea pigo.

Mwenye kelele hana neno: kweli kabisa.
Humu hamna neno hata moja.
Hakuna mpenzi wa kusahau, hakuna "nitarudi",
hakuna kitu ambacho mtu angekiamini akiwa na miaka kumi na tisa
akakionea haya akifika arobaini.
Labda ndiyo maana. Sijui.
Nimemuuliza mara tatu. Kila mara anasema, "Weka tena."

Baba yake, Clifford, alifuma miaka thelathini na moja,
mitambo ikamla masikio yote mawili.
Kiwandani waliongea kwa midomo mitupu, bila sauti,
na hata nyumbani hakuiacha desturi hiyo.
Jumapili moja aliingia chumbani kumgombeza bintiye
kwa ajili ya kikombe kilichokuwa kikitembea chenyewe
kwenye rafu ya jikoni.
Akaweka kiganja juu ya spika.
Akasimama.
Midomo yake ikasema, bila sauti:
"Nani kaiwasha tena?"
Hakuondoka mpaka upande ukaisha.

Mkwaruzo aliuleta Russell Duxbury,
mpenzi wa majira ya baridi moja,
kwa kiwiko chake na chupa ya bia.
Tangu hapo, dakika ya nne, sindano inaruka,
inameza pigo moja.
Gaynor alilia wiki nzima
(kwa ajili ya santuri; Russell baadaye hakuliliwa).
Kisha akazoea. Akapika, akafua,
akabembeleza mtoto kwa mdundo wenye pengo.
Wimbo mbaya haimbiwi mwana;
yeye aliuimba kwa pua, pengo na vyote,
na mwana akalala.

Jumamosi iliyopita, ukumbi wa klabu ya kriketi,
harusi ya mwana huyo.
DJ, kijana wa juzi, aliipiga kutoka kwenye simu,
imeoshwa, haina hata chembe ya vumbi.
Vijana wakapiga yowe kana kwamba imetoka asubuhi ile.
Gaynor akavua viatu.
Dakika ya nne ilipofika, goti lake likaruka
pengo ambalo halikuwepo,
akajikuta pigo moja mbele ya ukumbi mzima,
amesimama kwenye sekunde
ambayo wengine hawajaifikia.

Peke yake, alidhani.
Karibu na meza ya keki, fundi bomba mmoja mwenye upara,
mgeni wa upande wa pili, sahani mkononi,
naye aliruka.